Mke Mwenzangu Kiebrania

Watu wanaokuja kumtafuta mume wangu huniuliza mambo mawili. La kwanza: ni kweli yeye ndiye aliyepanda migomba ya mshare, ndizi zetu za mtori, kule Nansha, kwenye udongo uliokwisha kuwaulia Wachina migomba yao? Ni kweli. La pili: ni kweli anaandika hadithi kwa Kiebrania? Hapo huwa navuta kiti na kubandika maji ya chai, kwa sababu jibu ni refu na hasira zangu bado zi moto.

Ninaitwa Sesilia. Mimi ni wakala wa mizigo, ofisi yangu iko Xiaobei, hapa Guangzhou, kwenye jengo ambalo lifti yake haijawahi kuwa tupu. Mtu wa Kariakoo akinunua viatu, vigae au vipuri vya simu, mimi ndiye ninayemtafutia nafasi kwenye kontena na kuhakikisha limepanda meli. Mume wangu ni Heriel Ndosi wa Machame, mtaalamu wa kilimo, na ndoa yetu ni ya kanisani, ya mke mmoja. Hivyo ndivyo mchungaji alivyotutangazia. Hakuna aliyenitajia siku ile kwamba naolewa uke wenza na lugha.

Heriel ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa usharika, mwanamume mwenye sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti, na alitaka mwanawe asome somo Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Mtoto akapanda mbele na shati lake jeupe, akakwama kwenye neno la kwanza. Mama mmoja wa kwaya akamsaidia neno hilo. Akakwama kwenye la pili, benchi la mbele likamsaidia. Mpaka somo linaisha, kanisa zima lilikuwa linasoma kwa sauti, na yeye amesimama pale akiwashikia kitabu. Walimpenda, walitaka kumsaidia. Hakusoma tena mbele ya watu.

Akahamia mgombani. Kwenye migomba hakuna anayekuuliza jina lako. Mama yake akamfundisha kupunguza machipukizi, kuacha mama, mtoto na mjukuu kwenye shina moja, kukata majani makavu, na kuutambua mgomba mgonjwa kabla haujajionyesha. Alipofika kidato cha pili, wanawake wa mtaani walikuwa wanamwita aje aangalie migomba yao. Alishika shina, akapasua jani, akanusa, akaonyesha kwa kidole, akaondoka. Waliona wamepata mganga asiye na maneno mengi. Baadaye akaenda chuo cha kilimo, akawa bwana shamba, na mikutano ya kijiji akawa anaiendesha kwa jembe badala ya hotuba.

Mwaka 1994 akapelekwa Israeli kwa mafunzo ya miezi michache, kwenye shamba la jangwani kusini ambako kila mti una mpira wake wa kuudondoshea maji. Akakaa karibu miaka minne. Kazini alijifunza kumwagilia mitende. Kiebrania alikiokota kwenye banda la kufungashia tende, kwa wazee waliokuwa wakibishana kutwa nzima. Siku moja mezani akaomba chumvi, na ombi likatoka zima. Anasema aligeuka kuangalia ni nani aliyesema. Akaomba na pilipili, ambayo haili, ili tu asikie tena.

Huko ndiko alikoanza kuandika. Kwanza aliandika kisa cha mfereji uliopita kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, na wazee waliogombania zamu za maji. Bibi mmoja wa pale bandani akakipeleka Tel Aviv kwa rafiki yake aliyekuwa na jarida dogo la hadithi, mwanamke aitwaye Tzipora. Tzipora akakichapa, akaomba kingine. Mpaka Heriel anarudi Tanzania, kulikuwa na watu huko ng'ambo wanaojua tabia za mbuzi wa mama mkwe wangu, wakati mimi hata mama mkwe mwenyewe sijamjua. Kama kuna mtu wa Machame aliyemtangulia kuandika kwa lugha ile, simfahamu, na sina hamu ya kumtafuta.

Mimi alinikuta Moshi, soko la Memorial, nikiuza mashati ya mitumba. Alinunua mashati mpaka nikamwonea huruma. Halafu siku moja akasimama mbele ya meza yangu, jasho linamtoka, shati jingine mkononi.

“Na-nataka ku-ku-ku...”

“Kunioa,” nikamwambia. “Nimekubali. Na hilo shati rudisha, halikutoshi.”

Soko zima likacheka, na kisa hicho tumekisimulia kwenye kila harusi tuliyoalikwa. Tangu siku hiyo nikawa mdomo wake. Benki anaanza yeye, namaliza mimi. Kwa wakwe, kwa mchungaji, kwa fundi wa bomba, hivyo hivyo. Nilikuwa hodari, akitoa nusu ya neno, mimi nimeshaliona lote. Wanawake wenzangu waliniambia nina bahati, nimepata mume asiyejibizana. Kuhusu uandishi wake alinieleza kabla ya ndoa, na mimi nikachukulia kama vile waume wengine wanavyocheza bao.

Mwaka 2004 akapata ufadhili wa kusomea shahada yake ya udaktari wa kilimo hapa Guangzhou, na mwaka uliofuata nikamfuata. Nikawakuta Watanzania wananunua kuliko wanavyoweza kubeba, nikafungua ofisi. Ilikuwa miaka ya neema. Kila wiki jengo jipya, kila wiki laoban mpya, yaani bosi wa duka, anakusukumia kadi yake mkononi kabla hujamsalimia. Mimi nilikuwa Xiaobei na mizigo, yeye kusini ya jiji na migomba, tunakutana chakula cha jioni.

Kule kusini, kuelekea bandari ya Nansha, wakulima walikuwa wanapoteza migomba kwa ugonjwa wa mnyauko. Jani linaanza kuwa la njano pembeni, linalala, na ukipasua shina unakuta pete za kahawia. Ugonjwa wenyewe unakaa udongoni miaka na miaka; ukiukanyaga na buti, umeubeba. Wenzake chuoni walishughulika na ndizi za Wachina za kuuza. Heriel aliwaandikia, maana mbele ya profesa hakuweza kusema, kwamba ugonjwa huu unatembea, siku moja unaweza kufika kwetu, na hakuna anayejua mshare itaupokeaje. Akaleta miche ya mshare kwenye chupa za maabara, na vibali vyake vyote, akaipanda katikati ya migomba iliyokufa, kwenye shamba la mzee mmoja aitwaye Liang. Majirani wa Mzee Liang walisimama barabarani wakacheka. Nani anapanda mahali anapojua kitakufa?

Nilikwenda kuiona. Ukifika unaoshwa buti kwenye beseni la dawa, na ukitoka unaoshwa tena. Heriel alikuwa anaenda mche kwa mche, anashika shina kwa viganja viwili. Migomba ile nilikuwa siionei wivu. Mgomba naujua, nimelelewa kihambani Kibosho, na mwanamume wa Uchagani anayependa migomba ni mwanamume wa kawaida. Shida yangu ilikuwa huyu mwingine.

Jumamosi moja niko jikoni naosha mboga, yeye yuko barazani katikati ya nguo zilizoanikwa, anazungumza na Tzipora kwa kadi ya simu. Nikasikia sauti ya mwanamume mgeni nyumbani mwangu. Ilikuwa nzito, inapanda na kushuka, haijikwai popote. Nikatoka na kisu mkononi. Alikuwa Heriel. Alikuwa anasimulia jambo refu, akafika katikati akacheka, akaendelea pale pale alipoachia. Mume wangu amecheka katikati ya sentensi! Mtu ambaye kwangu hata hiyo katikati hafiki. Nilirudi jikoni nikazikatakata zile mboga mpaka zikawa hazifai kitu.

Nikadhani mchawi wangu ni huyo Tzipora, nikataka kumwona. Heriel akanionyesha picha: bibi wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe, kifaa cha kusikilizia kimechomekwa sikioni. Nilivunjika moyo. Mwanamke najua namna ya kupambana naye. Nitamfuata, nitamtukana, nitajipamba nimshinde. Lugha utaifuata wapi?

Nikamweleza Mwanahija. Huyu ni mtu wa Unguja, mkubwa kwangu kidogo, ana mgahawa mdogo mtaa wa Dengfeng, na ndiye aliyenifundisha Kichina cha sokoni nilipofika.

“Shoga yangu, ana hawara asiye na mwili,” akasema, akacheka mpaka mtandio ukamvuka. “Hata kumfumania huwezi.”

“Da Mwanahija, nitafutie mtu anifundishe.”

“Kiebrania? Hapa Dengfeng Kilingala kipo, Kiigbo kipo, Kifaransa cha Wakongo kipo tele, Kiarabu njoo kwangu mwenyewe. Kiebrania meiyou.”

Meiyou ndilo neno la kila mwenye duka hapa: hakuna, kimekwisha, usiulize tena. Basi nikamwomba Heriel anifundishe yeye. Alifurahi mpaka nikaona vibaya, kwa kuwa nia yangu ilikuwa upelelezi. Herufi zinatoka kulia kwenda kushoto, na irabu hawaziandiki, kwa hiyo ili usome neno inabidi uwe unalijua tayari. Nilijifunza maji, asante na mlango, nikaacha. Nikabadili mbinu, nikamtaka aandike kwa Kiswahili ili na mimi nisome. Alijaribu. Ukurasa mzima ulisomeka kama ripoti ya bwana shamba kwa mkuu wa wilaya: hali ya mifereji kwa ujumla ilikuwa ya kuridhisha. Aliuchana mwenyewe. Akasema akiandika Kiswahili anawasikia wa-wa-wa...

“Washarika,” nikamalizia. Akaitikia kwa kichwa.

Kilichonichoma zaidi ni pale Tzipora alipotuma salamu kwa mwanamke wa kontena. Kumbe nimo. Kuna hadithi ya mwanamke anayesimama Nansha kwenye kelele za bandari akibishana na madereva wa malori kwa lugha tatu, na mumewe akiwa pembeni anamtazama. Nikamwambia Heriel anifasirie, sasa hivi, hapa mezani. Akaanza. Akikwama, namsaidia, akikwama tena, namsaidia tena, mpaka hadithi inaisha nusu yake nilikuwa nimeitunga mimi, na haikuwa na utamu wowote. Lakini wale wa Tel Aviv waliisoma yote. Kulikuwa na maneno ambayo mume wangu aliyasema kuhusu mimi, na kila mtu alikuwa ameyasikia isipokuwa mimi.

Kisha ikaja ile baridi ya mwanzo wa mwaka 2008, theluji imefunga njia za reli kaskazini, stesheni ya Guangzhou imefurika watu wasioweza kwenda makwao kwa sikukuu. Mshare wa Heriel ulikuwa umekufa karibu wote kwa mnyauko, umebaki mgomba mmoja, na sasa baridi ikataka kuumaliza. Nikarudi kutoka ofisini nikakuta kitanda hakina blanketi. Blanketi zito la manyoya, nililolichagua mwenyewe na kupatana bei mpaka sauti ikanikauka. Alikuwa ameupelekea mgomba. Tulilala na makoti, na mimi nilikuwa nasema na ukuta.

Mgomba ukapona. Katikati ya mwaka ukatoa mkungu, na mimi nilikuwa tayari na mimba. Heriel alivifurahia vyote viwili, mkungu na tumbo, kwa kiasi kile kile. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni.

Mwezi wa tisa tukiwa mezani, akasafisha koo.

“Tzi-Tzipora anatoa ki-kitabu cha hadithi zangu zote,” akasema. “Na kuna kituo cha utafiti ku-kule kwao. Wananitaka mi-miaka miwili. Wa-wanasema nien...”

“Uende Israeli.”

“Ndiyo.”

“Peke yako.”

“Mwa-mwanzoni.”

“Na wewe unataka kwenda?”

Akafungua mdomo. “Na-na-na...”

“Unataka,” nikamwambia. “Usijisumbue, nimeelewa.”

Akaweka kijiko chini, akaniangalia, akatoka kwenda barazani. Baada ya muda nikamsikia kwenye simu na lugha yake, anatiririka. Sikumuuliza tena, na yeye hakulirudia. Mimi nilikuwa na nyumba Machame imefika kwenye lenta, na tumbo la miezi saba. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, turudi kwetu wote watatu akishamaliza masomo. Kila simu ya Tzipora ilipolia niliona sanduku la mume wangu likifungwa.

Agape alizaliwa mwanzoni mwa Novemba, msichana, mwenye sauti ya babu yake mwinjilisti. Wauguzi walitoka mlangoni kuja kuangalia ni nani anayepiga kelele vile.

Kwetu mwanamke aliyejifungua analishwa mtori, ndizi mshare mbichi zilizopikwa na nyama zikapondwa mpaka zikalainika. Mume ndiye anayekwenda mgombani kuchagua mkungu. Suala si njaa. Ni namna ya mwanamume kusema mbele ya watu kwamba huyu ni mke wangu, na kwa mtu kama Heriel, anayesema kwa shida, ndiyo namna hasa niliyoitegemea. Na katika Guangzhou nzima niliyoijua kulikuwa na mkungu mmoja wa mshare.

“Nenda ukaniletee,” nikamwambia tukiwa bado hospitali, akiwa amempakata mtoto.

Hakuuliza nini. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua atakachosema. Mwisho wa mwezi profesa na wageni wake walikuwa waje shambani, wauone mkungu ukiwa juu ya mgomba, halafu shina lipasuliwe mbele yao, kwa sababu mgomba unaweza kuzaa huku ndani umeoza. Ukikatwa kabla ya hapo, miaka yake yote inabaki kuwa maneno, na maneno ndiyo hasa hana.

“Si-siwezi, Sesi. Ule m-m-mku...”

“Mkungu ni wa Kiebrania,” nikamalizia. “Nenda basi ukakilishe.”

Akamlaza mtoto taratibu, akavaa viatu, akaenda Nansha. Nikaacha kusema naye. Alikuwa anarudi, anafua nepi, anapika wali, anakaa, na mimi natazama dirisha. Kwangu jibu lilikuwa limekwisha kutolewa: asiyeweza kunikatia mkungu hawezi kuiacha Israeli kwa ajili yangu.

Mke wa Mzee Liang akaja kuniona. Tulizoea kumwita Ayi, yaani shangazi. Alikuwa amepakata chungu kwenye mabasi mawili, ndani yake miguu ya nguruwe na mayai katika siki nyeusi yenye sukari na tangawizi nyingi, chakula cha wazazi wa huku. Kilikuwa kitamu, na hilo liliniudhi, kwa kuwa nilikuwa nimekusudia kususa. Akakaa pembeni ya kitanda, akanieleza kwa Kichina cha polepole kwamba siku ile Heriel alifika shambani, akachukua kisu cha mumewe, akasimama chini ya mgomba na mkono ameushika mkungu. Alisimama sana. Mwisho akamrudishia Mzee Liang kisu na kumwomba akakifiche.

Ayi alidhani ananifariji. Mimi nilichosikia ni kwamba tulipimwa, mimi na mgomba, na mgomba ukanizidi kidogo. Nililia juu ya miguu ya nguruwe, na Ayi akaniongezea yai.

Siku iliyofuata akaja Mwanahija na sufuria la mtori, wa ndizi za sokoni.

“Hicho chungu cha kitimoto kitoe mbele yangu kwanza,” akasema, ameziba pua na mtandio. “Haya. Kula, mzazi.”

“Da Mwanahija, mtori hautiwi nazi.”

“Kwetu kila kitu kinatiwa nazi. Na hizi ndizi za Kichina sukari tupu, bila nazi ungezitupa. Kula.”

Alikuwa ananipakulia pale mlango ulipofunguliwa na Heriel akaingia ameshika jani la isale.

Isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani mwa vihamba. Mtu aliyekukosea akikuletea, unasamehe. Ukishalipokea hakuna kesi tena. Na nyumbani kwa mama yangu kuna sharti la ziada: aliyelipokea hasemi neno mpaka aliyelileta amalize. Heriel alilijua sharti hilo, alikwisha kumwona mama akiwasikiliza hivyo kaka zake.

“Umelitoa wapi?” nikauliza. Nilikuwa sijalipokea, kwa hiyo ruhusa ya kusema nilikuwa nayo.

“Ho-hotelini.”

Ni kweli. Wachina wanaotesha isale kwenye vyungu, wanalifunga utepe mwekundu, wanaliweka kwenye kumbi za hoteli na benki kwa ajili ya baraka ya biashara. Kila Mchaga anayefika Guangzhou hushtuka akiona jani la msamaha limesimama karibu na lifti. Mlinzi wa hoteli alikuwa amemfuata mpaka kwenye ngazi zetu. Tulimsikia nje akisema bu xing, bu xing, haifai hiyo. Mwanahija akaacha upawa, akatoka kumshughulikia.

Nilifikiria kulikataa. Jani la wizi, lina vumbi la ukumbini, na bado lina kipande cha utepe. Lakini mtu wa kwetu hakatai isale. Nikalipokea, na kuanzia hapo nikawa bubu.

Heriel akavuta stuli ya plastiki, akakaa.

“Sesi,” akasema. “Si-siku ile mezani. U-uliniuliza kama na-nataka kwenda.”

Nikamsogeza Agape kifuani.

“Ni-nilikuwa nakujibu. Na-na-nataka kwe-kwe-kwe...”

Neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari: Israeli. Miaka yote nilikuwa namchukulia maneno hivi na kumkabidhi yakiwa kamili, na sasa ulimi uliniwasha. Nililibana jani kwa vidole vyote. Huko chini spika za maduka zilikuwa zinatangaza bei, Agape ananyonya, na Heriel mishipa imemsimama shingoni, macho ameyafumba. Nilijua nikilitamka neno ataitikia kwa kichwa, kama alivyozoea, na mambo yatakuwa yamekwisha. Sikulitamka. Akapumua, akarudi mwanzo wa sentensi, akaanza upya.

“Nataka kwenda nyumbani.”

Nikamtazama mdomoni, nihakikishe ni yeye aliyesema.

“Ta-tangu mwanzo,” akaendelea. “Nilimwambia Tzi-Tzipora siku ile ile, kwenye simu. Kitabu wa-watoe. Mimi naenda nyumbani na mke wangu na m-mtoto.” Akapumzika. “Mkungu wa kwanza ni wa ku-kuwaonyesha. Wa pili, wa ki-kihambani, ni wa mtori wako. Nilitaka kukuambia pale ho-hospitali.”

Kwa hiyo Tzipora alikuwa anajua tangu mwezi wa tisa. Bibi mwenye kifaa sikioni, ng'ambo ya bahari, alikuwa ameshaambiwa jambo nililokuwa nalililia kitandani, kwa sababu yeye alisubiri sentensi ifike mwisho. Nilimwonea wivu siku hiyo kuliko siku zote, na safari hii nilijua sababu yake.

Mwanahija akarudi, amemaliza na mlinzi, akanionyesha bakuli kwa kidole kwamba linapoa. Heriel akanipa ishara kuwa amemaliza, naweza kusema. Nilikuwa na mengi. Nikamuuliza moja tu: ni sentensi ngapi nyingine nimemmalizia vibaya?

Akasogeza stuli karibu na kitanda, akaanza kujibu. Mtori wa nazi ukapoa mbele yangu, ukaganda juu, na yeye alikuwa bado anaendelea.